Siku Nilipomzika Mngoni Redioni

Kabla mashine hazijaingia Mufindi, mbao tulizipasua kwa mikono. Mnachimba shimo lenye kina kupita urefu wa mtu, mnalaza gogo juu yake, mmoja anapanda juu ya gogo, mwenzake anashuka shimoni, na ule msumeno mrefu unasimama katikati yenu kama mkwe anayesikiliza ugomvi. Wa juu anavuta, wa chini anavuta. Wa juu anaona mstari. Wa chini haoni kitu ila unga wa mbao unaommwagikia machoni na puani, na akifungua mdomo anaula. Mimi nilikuwa wa chini. Miaka sita nilikuwa wa chini, na mdomo sikuufunga hata siku moja.

Wa juu wangu alikuwa Mngoni wa Songea. Na mimi ni Mhehe. Kwa asiyejua nimweleze: Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka hawakujua waipeleke wapi ile hasira, wakaigeuza matusi ya kuchekesha. Tangu hapo Mngoni anaweza kuingia kwangu, akanivua kofia kichwani na kuondoka nayo, na mimi sina haki ya kununa. Na akifa yeye, mimi nakwenda msibani kwake, navaa koti lake, nalala pale lilipowekwa jeneza, nawaambia wafiwa kwamba marehemu alikuwa mchoyo na alikoroma. Hawanipigi. Wanacheka huku machozi yanatoka. Ndiyo kazi ya mtani.

Wahehe tunasemwa kula mbwa, basi yule Mngoni kutwa nzima alikuwa ananiimbia kule juu, "Vuta, mla mbwa we! Vuta, bosi wako anakuona!" Nami namjibu kutoka shimoni, "Mstari umeupinda, mkimbizi we! Ndiyo maana babu zako walipotea njia wakaishia Songea!" Watu walidhani tunacheza. Hatukuwa tunacheza. Msumeno wa watu wawili unataka mwendo mmoja, na mkinyamaza kila mtu anavuta kwa mawazo yake. Ukitukanwa vizuri unavuta vizuri.

Huo mstari wenyewe tuliupiga kwa uzi mweusi, na weusi wake ulitoka kwenye betri za redio. Betri ikifa unaipasua kwa jiwe, unatoa ule unga wa ndani, unauchanganya na maji, unachovya uzi, unauvuta juu ya gogo na kuuachia, pah, mstari umenyooka. Sasa kambini kulikuwa na redio moja, ya msimamizi. Betri zikidhoofika, wapenda redio wanazianika juani juu ya bati ili zipate nguvu tena. Sisi wapasuaji tunazitaka zife. Ilikuwa vita. Mimi na Mngoni wangu tuliziiba nyingi zikiwa bado zinasema, nakiri leo, maana msimamizi mwenyewe ameshatangulia na nadhani huko aliko hasikilizi taarifa ya habari. Kwa miaka mingi redio kwangu ilikuwa kitu kinachochelewesha mbao. Sikuwahi kujiuliza ndani yake kuna nani.

Mbao za kupasua kwa mkono zilipokwisha, nikawa seremala Mafinga. Nimechonga milango, vitanda, viti vya makanisa mawili na mimbari ya msikiti mmoja. Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini kipimo cha inchi hakijawahi kunidanganya. Mama watoto alipofariki, binti yangu aliyeolewa Mbeya akaja kunichukua, akasema baba huwezi kupika, utajichoma. Akanipeleka kwake Iyunga.

Mbeya ni pazuri, sisemi uongo. Viazi vyao ni vitamu, na mvua yao haina adabu, inakuja bila kubisha hodi. Ila mtu aliyezoea kazi ukimweka kwenye kiti cha kujinyoosha anaanza kuhesabu kuku wa jirani. Nikamwambia binti yangu nitakufa kwa mapumziko haya. Akatangaza mtaani kwamba baba yake anarekebisha milango. Ndivyo nilivyopata kazi ya mlango wa chuo.

Chuo kipo pale juu ya barabara kuu, cha walimu na mambo mengine ambayo sikuyaelewa. Aliyekuja kuniita alikuwa binti wa Kinyakyusa, mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayewahi basi. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mlango una shida gani?"

"Unalia, Babu. Na unasikika mpaka sokoni."

Nikacheka. Mlango gani unalia ukasikika sokoni? Kufika, nikaelewa. Chumba kilikuwa stoo ya viti vibovu, wao wamekigeuza studio ya redio. Redio ya wanafunzi wenyewe, hakuna mwalimu ndani. Kuta zote wamezibandika trei za mayai, zile za maboksi, ili sauti isirudi. Huyo binti alizikusanya mwenyewe kwa miaka miwili, akiwazunguka wachoma chipsi wa Iyunga mmoja mmoja, mpaka wakamwita Mama Mayai. Wenzake walimwita Meneja. Ndani kulikuwa na meza, kompyuta, maiki iliyofungwa kwa gundi, na mlango wa mpaini uliopinda kwa unyevu, kila ukifunguliwa unatoa kilio. Mtu yupo hewani anasoma kitu cha maana, mlango unalia kama mbuzi aliyefungwa vibaya.

Meneja akanieleza shida yake mlangoni pale pale, nikiwa natoa bawaba. Muhula ukiisha, wakubwa wa chuo watakaa kuamua: chumba wabaki nacho wanafunzi, au viti vibovu virudi. Ripoti ataandika Mlezi wa Wanafunzi, mzee mmoja mkali. "Babu, chumba hiki wakikichukua," akasema, "mimi sina kingine nilichofanya hapa chuoni. Masomo kila mtu anasoma."

Nikamwambia mlango wangu hautamwangusha.

Sasa redio yenyewe. Nimesikia redio nyingi, zote zina utaratibu: habari, matangazo, muziki, dini. Hii haikuwa na utaratibu wowote ila sheria mbili, zimeandikwa kwa kalamu nene nyuma ya trei. Ya kwanza: mwenye saa ni mfalme wa saa yake, hakuna wa kumwambia apige nini wala wa kumnyang'anya. Ya pili: saa haikai tupu. Basi. Kijana mmoja saa yake nzima alipiga nyimbo za zamani za dansi alizozikuta kwenye simu ya baba yake. Mwingine alisoma notsi za kemia juu ya midundo ya singeli, na wenzake wanasema walifaulu kwa ajili yake. Kulikuwa na binti wa Kisukuma, wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe zao. Huyo alirekodi kengele za ng'ombe wa baba yake wakirudi zizini, akaziweka dakika kumi bila neno. Mimi nikiwa napiga randa nilisimama kusikiliza. Siku ile sokoni, naambiwa, wanawake wa Usangu waliacha kupima mchele.

Siku ya pili nikiwa namalizia kitasa, mwenye saa ya saa tisa alasiri hakutokea. Alikuwa na mtihani. Meneja akaangalia saa ya ukutani, akaangalia simu, akaniangalia mimi.

"Babu, kaa hapa."

"Nina vumbi."

"Redio haina macho. Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Saa haikai tupu, Babu, tafadhali!"

Nikakaa. Nikawaeleza jinsi ya kumtambua muuza mbao mwongo: ukigonga ubao mkavu unajibu, mbichi unanyamaza. Kutoka hapo nikaingia kwenye habari ya mteja wangu wa Mafinga aliyeagiza kitanda cha futi sita kabla hajapima chumba, tukalazimika kubomoa ukuta, na kutoka kwenye ukuta nikafika kwa mkwe wake mtarajiwa, na huyo alikuwa mlima vitunguu Ruaha Mbuyuni, basi nikaeleza vitunguu. Saa ikaisha mkwe bado hajaoa. Simu zikaanza kulia. Watu wanauliza, mkwe alioa au hakuoa?

"Babu, umeua!" wale vijana wakarukaruka. Nikadhani nimeharibu kitu. Kumbe ni sifa.

Yule wa mtihani akasema saa ile ya Alhamisi ananiachia. Hivyo nami nikawa mfalme wa saa tisa. Binti yangu akawa ananipigia pasi shati, eti baba unakwenda kazini. Nikamwambia redio haina macho. Akasema lakini njiani wapo.

Niliipenda ile saa, niseme ukweli. Mtu mzima nyumbani kwa mkwewe anasema "asante" na "nimeshiba", basi, siku imeisha. Pale chuoni nilikuwa na watoto ishirini wamekaa sakafuni na wananikatiza: "Babu, hapo umeruka!" "Babu, wiki iliyopita ulisema alikuwa mrefu!" Mimi najibu alikuwa mrefu wiki iliyopita, njaa imempunguza.

Wiki chache kabla ya kile kikao cha wakubwa, Mlezi akaja kukagua. Mlango ukafunguka kimya. Nikajisifu moyoni. Akaingia mtu mnene, miwani, kalamu mbili mfukoni, na faili kwapani. Wanafunzi wote wakanyooka kama misumari. Meneja sauti ikamtoka nyembamba, "Shikamoo, Mlezi." Akaitikia bila kumtazama. Akazitazama trei, akaitazama maiki, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu mzee?"

"Ni fundi wetu, Mlezi. Na pia ana kipindi."

"Mzee kwenu wapi?"

"Iringa. Mhehe," nikasema.

Akavua miwani. Akageuka kwa wanafunzi, uso mkavu kabisa. "Mmemwingiza Mhehe humu ndani? Na yule mbwa wa mlinzi mmemficha wapi?"

Watoto wakashtuka. Mimi damu ikanichemka kwa furaha, kama mtu aliyesikia jina lake limeitwa ugenini. "Mngoni!" nikasema.

"Wa Songea. Simama unaposema na bwana wako."

"Bwana? Babu yako aliwabebea mizigo wajomba zangu!"

"Aliibeba kwa sababu wajomba zako walikuwa wamekimbia!"

Tukashikana mikono, tukacheka mpaka miwani yake ikaanguka. Akaandika kitu kwenye faili, akaondoka. Meneja akaniuliza kama tumegombana. Nikamweleza utani. Akasema kwao Rungwe hawana hayo, ila kama yanasaidia ripoti, niendelee.

Laiti asingeniambia niendelee.

Kwa desturi, mtani akikuchokoza nawe unamrudishia, na unamrudishia kwa kipimo kikubwa zaidi, la sivyo umemdharau. Wiki nzima niliwaza nitamfanya nini Mngoni huyu. Randa inakwenda, mimi nawaza. Alhamisi ikafika. Meneja alikuwa darasani. Nikakaa, nikasafisha koo, nikaanza kwa sauti ya matangazo ya vifo, ile tuliyoizoea sote.

"Ndugu wasikilizaji, nasikitika, nasikitika kidogo tu, kutangaza kifo cha Mngoni wangu, Mlezi wa Wanafunzi wa chuo hiki. Amefariki leo asubuhi baada ya kuona sahani ya ugali imejaa, moyo ukashindwa kuhimili furaha. Jeneza nalichonga mimi kwa mabanzi, maana ubao mzima hastahili. Babu zake walikuja kwa miguu, naye atarudi kwa miguu. Msiba upo nyumbani kwake hapa hapa chuoni. Wenye kuni waje na kuni, wenye ndizi waje na ndizi."

Nikalia. Mimi kulia najua, nimelia misiba ya Wangoni wengi. Na kwa kuwa tangazo la kifo halisomwi mara moja, nikalirudia mara tatu, ila kila mara nafupisha, mara ya tatu nikabakiza kifo, Mlezi, kuni na ndizi. Kijana mmoja aliyekaa kwenye kompyuta, alivyokuwa anacheka, akaongeza kwaya ya maombolezo.

Lingetangazwa Iringa au Songea, watu wangegaagaa chini kwa kicheko. Lakini hapa ni Iyunga. Na Mnyakyusa akisikia msiba, namheshimu kwa hilo, hangoji sentensi iishe, ameshajifunga khanga kiunoni na mguu mmoja uko nje.

Saa yangu ilipoisha, nikamkuta Meneja mlangoni anahema.

"Babu, umemfanya nini Mlezi?"

"Nimemzika."

"Babu! Njoo uone ulichofanya!"

Akanishika mkono, akanikokota mpaka kwenye nyumba za walimu. Niliyoyaona! Turubai limeshafungwa kwenye mti na nguzo ya umeme. Wanawake wamejaa uani, mikungu ya ndizi imepangwa ukutani kama wageni wa harusi, mafiga matatu yameshika moto, sufuria la watu thelathini linachemka. Wanaume wako kwenye mabenchi, mikono mashavuni. Kwaya ya kanisa imesimama inaulizana ianze na ipi. Na nyumba yenyewe imefungwa kufuli! Mke wa Mlezi alikuwa amesafiri Songea kwa mama yake, na Mlezi mwenyewe, naambiwa, alikuwa kwenye kikao mjini, simu ameizima.

"Ripoti inapelekwa kesho," Meneja akasema. Hakulia. Afadhali angelia. "Babu, trei zangu."

Nikaanza kumwendea mama mmoja mzee aliyekuwa mkuu wa mapishi nimweleze. Kabla sijafika, bodaboda ikasimama. Akashuka mtu mnene mwenye kofia ngumu ya pikipiki, kioo kimeshushwa. Yule mama akamwahi.

"Pole, baba. Ingia, kaa na wanaume."

"Pole ya nini, mama? Amefariki nani?"

"Mlezi wa wanafunzi."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

"Mbona asubuhi nilikuwa naye?"

"Ndivyo kifo kilivyo, mwanangu. Kaa."

Na akakaa! Mpaka leo sijui kwa nini. Alikaa kwenye benchi la mwisho na kofia yake kichwani, akapandisha kioo kidogo tu, akapewa ndizi ya moto kwenye kisahani. Pembeni yake wanafunzi wawili wanaongea, na mimi niko nyuma yao nasikia kila neno.

"Alikuwa mnoko," mmoja anasema. "Lakini nilivyoumwa mwaka jana, nani alinipeleka hospitali na gari lake? Alikaa kule mpaka nikaongezewa maji."

"Mnoko kweli. Mimi alininyang'anya jiko la umeme mara tatu."

"Alikurudishia?"

"Mara tatu."

Mtu wa kofia akaacha kutafuna. Nikamwona anapitisha kidole chini ya kile kioo, kwenye jicho.

Hapo nikajua la kufanya, maana desturi yenyewe inasema. Nikatoka nyuma, nikajitupa chini mbele ya lile benchi, nikapiga kelele: "Jamani! Mngoni amefufuka! Nilisema mabanzi hayatamzuia!"

Akavua kofia. Kwaya ikanyamaza, na ilikuwa haijaanza. Mama wa mapishi akaangusha mwiko. Meneja akafumba macho kabisa.

Mlezi akapangusa vidole kwenye suruali. Akaweka kisahani chini. "Mhehe," akasema taratibu, "umenizika bila hata jogoo wa matanga?"

"Jogoo utaleta wewe, umechelewa kwenye msiba wako."

Akaanza kutetemeka mabega, kisha tumbo, kisha akapasuka. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akawaeleza wale akina mama utani ni nini, wakasikiliza wamekunja mikono, na yule mkubwa wao akasema sawa, wameelewa, lakini ndizi zimeshapikwa na hazirudi nyumbani. Basi tukala. Ulikuwa msiba mzuri kuliko harusi nyingi nilizohudhuria. Kwaya iliimba, wanafunzi wakaleta maiki, Mlezi akaenda hewani kutangaza kwamba yuko hai na kwamba Mhehe amtafutie jogoo. Jogoo nilimpelekea. Mwekundu, mkali, alimdonoa yeye mwenyewe.

Ripoti yake ikawa nzuri. Aliandika kwamba wanafunzi wale wamewakusanya majirani na chuo kuliko sherehe yoyote. Meneja alinisomea, akicheka peke yake.

Lakini wakubwa wengine wa chuo hawakuwa Wangoni wala Wahehe. Walikuwa watu waliosikia kwamba redio ya chuo imetangaza kifo cha uongo. Nao nawaelewa; usipokuwa na mtani, jambo hilo ni baya tu. Mlezi akaja studio baada ya kikao, safari hii faili halipo.

"Chumba mmepewa," akasema. Watoto wakapiga vigelegele. Akainua mkono. "Kwa sharti. Maiki ni ya mwanafunzi mwenye namba ya usajili, basi. Nilijaribu. Waliniuliza, huyu mzee ana namba? Nikasema hana. Akisikika tena, viti vinarudi."

Akanitazama. "Mtani, nimeshindwa."

"Wangoni mmeshindwa siku nyingi," nikamwambia. Akatabasamu, lakini kidogo.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe sikuwajua wale watoto. Walifunga mlango wangu ule ule wakafanya mkutano, mimi nje nasubiri kama mkwe wa kuposa. Walipofungua, Meneja akasema wameamua. Sheria ya kwanza iko ukutani: hakuna wa kumnyang'anya mtu saa yake. Wakinitoa mimi leo, kesho watamtoa wa kengele za ng'ombe, keshokutwa wa kemia, mwisho itabaki redio kama zote. Alhamisi naingia hewani kama kawaida. Na Ijumaa asubuhi yeye Meneja atarudisha ufunguo kwa barua kabla hawajauomba.

"Na trei zako?" nikamwuliza.

"Nitazibandua."

"Miaka miwili, mjukuu wangu."

"Babu, usinibembeleze. Njoo saa tisa."

Nilijaribu kubishana, hawakunisikiliza. Wanapenda mzee aongee, ila kwa kumsikiliza wanachagua siku.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa nimeshajua. Ukimwambia mtoto wa namna ile kwamba unaondoka kwa ajili yake, atakushika koti. Atasema hapana, Babu, na atashinda, maana ana haki. Lakini mwenye saa akishaondoka mwenyewe, haki ya nani utaipigania?

Alhamisi nilivaa shati la pasi. Nikamwambia binti yangu nataka kwenda kukaa na dada yangu Iringa, akaniuliza tumekukosea nini baba, nikasema hakuna, nimekumbuka togwa ya kwetu. Akanifungia mfuko. Nikauacha kwa muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa kanzu na kofia, ambaye wazee wake walitoka pwani zamani na ndiye aliyekuwa ananiuzia bawaba. Duka lake liko kwenye barabara kuu, mabasi yanasimama pale.

Saa tisa kasoro dakika kumi nikafika studio. Watoto wamejaa sakafuni, wengine sijawahi kuwaona. Wameniwekea mto kwenye kiti. Meneja amekaa kwenye kompyuta, bahasha ya barua iko mbele yake, ameshaandika juu. Taa nyekundu bado haijawaka.

"Leo tunasikia nini, Babu?" akaniuliza.

"Mkwe wa Ruaha Mbuyuni. Leo anaoa."

Wakashangilia. Miezi walikuwa wanamngoja.

"Ngoja niende haja ndogo kwanza," nikasema. "Mzee akishakaa, kuinuka ni kazi."

"Wahi, Babu. Dakika saba."

Nikafungua mlango. Haukulia. Nikaurudisha nyuma yangu polepole mpaka kitasa kikashika, nikapita choo, nikapita jengo la madarasa, nikampungia mlinzi wa geti, akaniamkia, nikaitikia. Nikateremka mpaka barabarani.

Dukani redio ilikuwa imewashwa juu ya makopo ya rangi, na ilikuwa ile ile. Sauti ya Meneja ikasema Babu yuko njiani, anakuja sasa hivi, msiondoke. Ikapita dakika. Akasema tena, Babu anakuja. Halafu nikasikia mlango ukifunguliwa kule, hatua za mtu, sauti ya chini inamwambia kitu mbali na maiki. Halafu kimya.

Yule wa kanzu akanitazama, akautazama mfuko wangu. "Mzee, si wewe wanayekungoja?"

"Saa haikai tupu," nikamwambia. "Subiri."

Tukasubiri wote wawili. Basi la Iringa likatokea kule juu, nikainua mkono. Likiwa linapunguza mwendo, redioni ikaanza kengele moja, halafu ya pili, halafu ng'ombe wote.

Nikachukua mfuko wangu, nikapanda.